Wanaofukua Ndege za Vita, na Sisi Tuna Nini cha Kufukua

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanajumuiya na watoto wao, Doha, katika sherehe ya Uhuru, Desemba 9)

 

Kamati imetupa dakika ishirini kabla ya pilau, na harufu yake imeshaingia humu ukumbini, kwa hiyo tunajua tunashindana na nani. Sisi ni wazazi tunaokaa na vijana wa jumuiya wikendi, kwa Kiswahili na kwa historia. Tumeona safari hii tuanzie pale watoto wenyewe walipo, yaani kwenye televisheni.

Wazazi mtakuwa mmeona. Watoto wetu wengi hapa Doha wanasoma katika shule zenye mtaala wa Kiingereza. Wanafika darasa la sita, wanafundishwa Vita Kuu ya Pili, wanajua kuchora Spitfire kuliko wanavyojua kuchora jahazi. Wakirudi nyumbani wanatafuta filamu za makala zinazoonyesha watu wakifukua ndege zilizoanguka wakati wa vita. Mwanzoni tulidhani ni michezo tu. Tukakaa nao kitako, tukaangalia pamoja, na tukiri kwamba zimetunasa na sisi.

Kwa ambao hawajaziona, zinakwenda hivi. Kuna shamba, mvua inanyesha, kuna wanaume na wanawake wenye mabuti ya mpira. Kuna mzee wa kijiji, siku hizi ana miaka themanini au tisini, anaelekeza kwa fimbo: ilianguka pale, nilikuwa na miaka minane, niliona moshi. Watu wanapita na kifaa cha kutambua chuma, kinalia. Katapila linaanza kuchimba. Udongo unabadilika rangi, unaanza kunuka petroli, petroli ya mwaka 1940 ambayo bado haijaisha harufu. Kisha vinatoka vipande: bati lililojikunja, risasi, panga la mbele, na mwisho injini yenyewe, nzito kama gari, imezama mita kadhaa ardhini kwa sababu ndege iliposhuka ilishuka pua mbele.

Chukueni ile ya Ireland. Tarehe 30 Novemba 1941 rubani kijana wa Kimarekani, Roland Wolfe, aliyekuwa akilitumikia jeshi la anga la Uingereza, aliona injini ya Spitfire yake inachemka juu ya Donegal. Akaruka kwa mwavuli, ndege ikaenda kujifukia kwenye udongo mweusi wa kinamasi. Ireland haikuwa upande wowote katika vita ile, kwa hiyo wakamweka kizuizini. Akatoroka akarudi kwenye kikosi chake, na wakubwa wake, ili wasiharibu ujirani, wakamrudisha kizuizini! Watoto walicheka sana hapo. Mwaka 2011 BBC ilikwenda na wachimbaji. Udongo ule haupitishi hewa, basi vitu vilikuwa kama vimewekwa kwenye friji. Kofia ya ngozi ya rubani ilitoka. Bunduki za rashasha zilitoka zikasafishwa, na mojawapo ikapiga risasi tena baada ya miaka sabini.

Au ile ya London, katikati ya jiji kabisa. Tarehe 15 Septemba 1940 Ray Holmes aliigonga ndege ya Kijerumani kwa Hurricane yake, akaruka, na Hurricane ikashuka barabarani karibu na jumba la mfalme. Bomba la maji likapasuka, shimo likafukiwa, magari yakaendelea kupita juu yake zaidi ya miaka sitini. Mwaka 2004 wakaifukua, televisheni ikionyesha moja kwa moja. Usukani ulipatikana, na kitufe cha kufyatulia risasi kilikuwa bado kimewekwa tayari kupiga. Holmes mwenyewe alikuwa bado hai.

Kuna mambo katika filamu hizi tunayapenda na mengine yanatuchosha. Yanayotuchosha ni yale ya biashara: muziki wa kutisha kabla ya tangazo, na mtaalamu anayejifanya kushangaa kuona injini mahali ambapo jana yake aliipima kwa mitambo akajua ipo. Tunalolipenda ni subira. Mtu anashika kipande cha bati kikubwa kama kiganja, anakipangusa matope, anatafuta namba. Viwanda vya ndege vilipiga namba kwenye kila kitu. Namba ile inapelekwa kwenye daftari la kikosi, daftari linasema ndege hii siku hii iliondoka na fulani, mwana wa fulani. Kipande cha bati kinakuwa mtu. Na kama ndani ya shimo kuna mifupa, kila kitu kinasimama. Uingereza wana sheria ya mwaka 1986: huwezi kugusa ndege ya kijeshi iliyoanguka bila kibali, hata kama imeangukia shambani kwako, na mahali penye marehemu kibali hakitolewi kirahisi. Akipatikana, anatafutiwa ndugu zake, anazikwa kwa jina lake. Heshima ya namna hiyo sisi Waafrika hatuhitaji kufundishwa maana yake. Tunajua mtu asiyezikwa kwa jina ana deni kwetu, au sisi tuna deni kwake.

Basi siku moja mtoto mmoja wa kundi letu, wa miaka kumi, akauliza swali ambalo ndilo lililotuleta hapa mbele. Aliuliza: kwani kwetu hazikuanguka?

Zilianguka, mwanangu. Na ya kwanza kabisa kwetu haikuanguka mwaka 1940, ilianguka babu wa babu yako akiwa kijana.

Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg iliingia Unguja alfajiri ikaizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa bandarini ikitengenezwa. Kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Wenye asili ya kule mnajua: mikono ya mto ni mingi, maji yanapanda na kushuka, na ukiwa baharini huoni kitu isipokuwa miti. Waingereza wakahitaji jicho la juu. Wakamleta rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, na ndege yake ya kutua majini. Hebu fikirini, mwaka 1914, miaka kumi na moja tu tangu ndugu wawili wa Wright waruke Marekani, tayari kuna ndege juu ya mikoko ya Rufiji. Lakini hali ya hewa ya kwetu haikuwa na mchezo. Gundi iliyoshika mbao ililegea kwa joto, injini zilikosa nguvu. Cutler aliiona manowari, lakini Desemba hiyo hiyo ndege ikamshinda, akashuka delta, akakamatwa.

Zikaletwa nyingine, nyingine tena. Januari 1915 Waingereza walikuwa wameshaiteka Mafia, wakafyeka uwanja wa ndege pale kisiwani. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Harwood Arnold walikuwa juu wakielekeza mizinga ya meli mbili, Severn na Mersey, kwa redio: mmepita, mmepungukiwa, kulia kidogo. Ndege yao ikapigwa. Wakati inashuka, Arnold aliendelea kutuma maelekezo. Ikaangukia mtoni karibu na Mersey, ikapinduka, wote wawili wakaokolewa, baadaye wakapewa nishani. Siku hiyo Wajerumani wenyewe wakailipua Königsberg. Haya yote yametokea Rufiji na Mafia, na tuna watu wa Rufiji na wa Mafia humu ndani. Tuliuliza wiki mbili zilizopita ni nani aliyewahi kulisikia hili shuleni. Mikono ilikuwa michache.

Sasa angalieni. Cull tunamjua, Arnold tunamjua, Cutler tunamjua. Uwanja wa Mafia ulifyekwa na mikono ya watu pia, na majina yao hayakuandikwa popote pa kusomeka. Wajerumani waliing'oa mizinga kumi ya Königsberg wakaiburuta nchi kavu. Mzinga mmoja, mamia ya watu kwenye kamba. Mmoja wa mizinga hiyo uko Fort Jesus, Mombasa, watoto hupanda juu yake kupiga picha. Ukiuliza ni nani nahodha wa Königsberg, mwongoza wageni atakwambia ni Max Looff. Ukiuliza ni nani aliyeuvuta, atakwambia ni wapagazi.

Wapagazi hao ndio waliobeba vita nzima ile ya 1914 hadi 1918 mabegani. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, magari hayakuwa na njia, basi kila sanduku la risasi lilikwenda kwa kichwa cha mtu. Waingereza waliwaita Carrier Corps, na watu wetu wakalitamka walivyoweza: Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo hiyo hiyo tunayonunulia vitenge. Ilikuwa kambi yao. Nairobi nako wana Kariokor yao, kwa sababu hiyo hiyo. Wanahistoria wanakadiria kwamba kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi karibu 100,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Majina yao yako wapi? Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakubali wazi kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia himaya katika vita ile ya kwanza hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Haikuwa kusahau. Wakubwa wa wakati ule waliamua kwamba watu hawa hawahitaji jiwe lenye jina, sanamu moja ya pamoja inatosha. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, mnapita hapo na daladala. Ni sanamu nzuri. Haina jina la mtu hata mmoja aliyekufa. Tume imeomba radhi na imeanza kutafuta. Januari 2025 walifungua kumbukumbu Cape Town yenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi weusi wa jeshi ambao hawakuwa nayo kwa miaka mia. Kazi ya upande wetu ni kubwa zaidi, na daftari nyingi hazipo.

Tusiwaonee wivu kina Wolfe na Holmes. Kufukuliwa kwa ndege yao hakukumnyang'anya mpagazi chochote. Lakini mtoto anapoona wiki hii wanamtafuta rubani mmoja kwa katapila, mitambo ya kupima ardhi na helikopta ya kamera, na wiki ijayo mwingine, na hajawahi kuona mtu hata mmoja akimtafuta wa kwao, anajifunza jambo bila kuambiwa na mtu. Hilo ndilo linalotusumbua sisi.

Kwa haraka, kabla ya kufika Ndola: hata huku Ghuba tunakoishi ardhi imebeba mambo hayo. Ndege za Uingereza za wakati wa Vita ya Pili zilipita Salalah, Masirah na Sharjah kwenda India. Mwaka 1943 ndege ya Wellington ilianguka Dhadnah, Fujairah, na mabaki yalikuja kutafutwa na watu waliojitolea. Oktoba 16 mwaka huo huo ndege nyingine ya Waingereza iliizamisha nyambizi ya Kijerumani, U-533, katika Ghuba ya Oman. Aliokoka mtu mmoja tu, aliyeogelea saa 28 mpaka pwani. Nyambizi yenyewe wapiga mbizi waliiona mwaka 2009. Mkienda Sharjah likizo, pitieni makumbusho ya Al Mahatta, ni uwanja wa zamani wa ndege wa mwaka 1932, na ndege ziko ndani. Ni bora kuliko kuzunguka madukani siku nzima.

Sasa Ndola. Hapa tunaomba watoto wakubwa wasikilize, maana linahusu Uhuru wetu moja kwa moja.

Usiku wa kuamkia Septemba 18, 1961, ndege ya aina ya DC-6 iliyoitwa Albertina ilikuwa inakaribia kutua Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Ndani alikuwemo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, Mswidi. Jirani pale Kongo vita ilikuwa inaendelea: Katanga ilikuwa imejitenga, wenye migodi na mamluki wa Kizungu wakiwa nyuma yake, na askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameanza kupambana nao siku chache kabla. Hammarskjöld alikuwa anakwenda kukutana na Moïse Tshombe wa Katanga ili silaha zinyamaze. Muda mfupi baada ya saa sita usiku ndege ilianguka msituni, kama kilomita 15 kutoka uwanjani. Kulikuwa na watu 16. Kumi na tano walifia pale, na mmoja, mlinzi aliyeitwa Harold Julien, aliishi siku chache hospitalini akazungumza kidogo, kisha naye akafa.

Zilikuwa zimebaki wiki kumi na mbili tu Tanganyika ipate Uhuru. Desemba 9 bendera yetu ilipopanda, na Desemba 14 tulipoingia Umoja wa Mataifa tukiwa mwanachama wa 104, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kile alikuwa U Thant. Yule aliyekitetea kiti hicho kwa ajili ya nchi ndogo na changa kama yetu alikuwa ameshazikwa Uppsala.

Serikali ya kikoloni ya Rhodesia ilifanya uchunguzi ikasema ni kosa la rubani. Umoja wa Mataifa ulichunguza nao mwaka 1962, haukufikia hitimisho. Lakini kulikuwa na watu msituni usiku ule. Walikuwa wachoma mkaa. Mchoma mkaa halali, analinda tanuri lake lisishike moto. Hakuna shahidi bora wa anga la usiku kuliko mtu anayekesha na mkaa. Baadhi yao walisema waliona ndege mbili, si moja. Baadhi walisema waliona moto au mwanga angani kabla ya ndege kubwa kuanguka. Tume ya Rhodesia iliwaona hawaaminiki, ikaweka maneno yao kando. Timothy Kankasa, aliyekuwa kiongozi wa mji mdogo wa Twapia na baadaye akashika vyeo katika serikali ya Zambia, alisema aliletewa habari na wachoma mkaa asubuhi, akawajulisha wakubwa. Mabaki yalitangazwa kupatikana saa tisa alasiri, saa kumi na tano baada ya kuanguka, kilomita 15 tu kutoka uwanjani, huku Julien amelala juani akiwa ameungua. Na wachoma mkaa watatu waliochukua mashine moja kutoka kwenye mabaki, wasijue ni ya kuandikia siri, walifungwa kwa wizi. Unadhani baada ya hapo nani angejitokeza kusema alichokiona?

Walikuja kuulizwa upya baada ya karibu nusu karne. Mswidi mmoja aliyekuwa akifanya kazi Afrika, Göran Björkdahl, ambaye baba yake alikuwa amepewa kipande cha bati kinachosemekana ni cha ndege ile, alizunguka vijiji vya Ndola akitafuta wazee waliobaki. Aliwakuta. Aliketi nao, aliandika. Mwaka 2011 mwanahistoria Susan Williams akatoa kitabu juu ya kifo kile. Hapo ndipo suala likafufuka.

Kuna na filamu, Cold Case Hammarskjöld, ya mwaka 2019, ya Mads Brügger wa Denmark akiwa na Björkdahl huyo huyo. Watoto wakubwa wanaweza kuiangalia na wazazi wao, si peke yao. Ndani yake wanakwenda Ndola na sepetu na kifaa cha kutambua chuma kutafuta mabaki yanayosemekana yalifukiwa karibu na uwanja. Wamevaa kofia za kikoloni, kwa dhihaka. Wanachimba, wanatoka jasho, wanazuiwa na wenye uwanja. Hawapati kitu. Sisi tuliona sehemu ile ni mchezo wa kamera. Tena nusu ya mwisho ya filamu inakimbilia madai ya kundi la mamluki kusambaza UKIMWI, madai ambayo wataalamu waliyakataa, na watoto wajue kwamba filamu ikiwa na muziki mzuri haiwi kweli kwa sababu hiyo. Lakini dakika zile wazee wa Ndola wanapozungumza, mmoja mmoja, zina uzito kuliko Spitfire zote tulizoziona. Hapo hakuna katapila. Kuna mtu na kiti na kumbukumbu yake.

Na sasa lile tuliloliacha makusudi mpaka hapa. Mnajua ni nani Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kulifungua upya faili hili? Ni Mtanzania. Jaji Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wetu kuanzia 2010 hadi 2017. Mwaka 2015 aliongoza jopo la wataalamu watatu. Kuanzia 2017 akapewa jukumu hilo mwenyewe, na ametoa ripoti kadhaa, ya 2017, 2019, 2022 na 2024. Hakuchimba udongo. Alichimba makabati. Aliandikia serikali, akazitaka ziteue watu huru wapekue kumbukumbu zao za ujasusi na za redio, kwa sababu usiku ule kulikuwa na vituo vinavyosikiliza. Afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa Cyprus alisema alisikia sauti ya rubani akieleza anavyoishambulia ndege. Katika ripoti ya 2017 jaji aliandika kwamba inaelekea kuwa jambo la kuaminika kwamba shambulio au tishio kutoka nje huenda lilikuwa mojawapo ya sababu. Na jopo lake liliyachukua maneno ya mashahidi wa Kiafrika na kuyapima kama maneno ya shahidi yeyote mwingine. Hajasema nani alifanya. Amesema, ripoti baada ya ripoti, kwamba baadhi ya nchi kubwa bado hazijatoa yote zilizo nayo.

Mchoma mkaa aliyeambiwa mwaka 1961 haaminiki, na mtoto wa Tanganyika, nchi ambayo mwaka ule ilikuwa ndiyo kwanza inapandisha bendera, amekaa anamsoma kama shahidi. Tukifundisha somo la Uhuru wikendi, huwa tunaanzia hapo siku hizi, na tunaona vijana wanasikiliza.

Tunamalizia na kazi yetu ndogo. Tangu mwanzo wa mwaka tumeanza kurekodi wazee, kwa simu tu. Tunao wanaokuja Doha kuwatembelea watoto wao, wanakaa Najma au Al Wakrah miezi miwili mitatu, wanachoka na ghorofa, hawana wa kuzungumza naye mchana. Tunakwenda na watoto, tunapiga chai. Mtoto ndiye anayeuliza, kwa Kiswahili chake hicho hicho. Kwa wanaokwenda nyumbani likizo, katibu ana karatasi ya maswali: Ulizaliwa wapi, na kijiji kiliitwaje wakati huo? Nani katika ukoo alichukuliwa vitani, akarudi au hakurudi? Kuna namba, barua, nishani, kofia, sanduku? Msianze na vita moja kwa moja. Muulizeni kwanza walikuwa wanakula nini.

Mpaka sasa tuna rekodi nne. Moja ni ya mama mmoja mwenye miaka zaidi ya sabini, amekuja kwa binti yake hapa. Baba yake alikuwa King's African Rifles, alipelekwa Burma, mwaka 1944 alikuwa bonde la Kabaw na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mama anasema baba yake aliikumbuka namba yake ya jeshi kuliko tarehe za kuzaliwa za wanawe, na yeye mwenyewe aliitaja namba ile mbele yetu, tarakimu moja moja, bila kusita. Mtoto wetu wa miaka kumi aliiandika. Alisema ni kama zile namba za kwenye bati.

Baba huyo alikuwa na rafiki aliyekufa kule, wamezikana kwa mikono yao kwenye mvua. Alikuwa mtu wa Songea. Jina lake la kwanza tunalo, la ukoo mama hana hakika nalo, na hatutalitaja hapa mbele za watu. Kama yumo yeyote humu kutoka Songea ambaye kwao kuna babu au baba mkubwa aliyekwenda Burma akapotea, tafadhali amuone katibu leo kabla ya kuondoka. Mama anarudi nyumbani Alhamisi.

Pilau iko tayari.